Mtoto wa Darasa la Nne anasema "mimi ni mjinga": ajisemee nini badala yake?

Mwl_Tabata ameuliza:

Habari zenu walimu na walezi wa humu.

Swali hili limetoka kwenye kikao cha wazazi wa Darasa la Nne. Kuna watoto watano sita, umri miaka 9 na 10, ambao wakipewa zoezi la hesabu wanalaza kalamu kabla hata ya kusoma swali. Ukiwauliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Mimi mjinga." "Hesabu siziwezi." "Mimi kilaza tu, mwalimu." Baadhi ya wazazi waliambiwa wamsimamishe mtoto mbele ya kioo kila asubuhi aseme mara kumi: "Mimi ni hodari, nina akili, mimi ni namba moja." Wapo walioanza tangu muhula ulipofunguliwa. Watoto wawili sasa wanagoma kusogelea kioo, mmoja analia.

Naomba majibu yenye hatua. Kioo kina kosa gani? Mtoto ajisemee maneno gani hasa, wakati gani, na kwa muda gani? Halafu mabibi waliokuwa kikaoni wamesema mtoto akizoea kujisemea mazuri atakuwa mtu wa kujiona. Wana hoja au hawana?

Mnasihi_Moro amejibu:

Mwalimu, kioo wakipumzishe kuanzia kesho. Kujisemesha kunasaidia watoto, tena sana, ila sentensi waliyopewa ndiyo mbaya. Mtoto anayeamini hesabu haziwezi akisema "mimi ni hodari," moyoni anajijibu hapo hapo: "Uongo. Jana nimepata 3 kati ya 20." Kila sifa anayoitamka inamkumbusha ushahidi wa kuipinga. Akisema mara kumi, amejipinga mara kumi kabla ya chai.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake waliwapa vijana wa chuo sentensi ya kujisifu wairudie, yenye maana ya "mimi ni mtu wa kupendwa." Waliokuwa tayari wanajithamini walipata nafuu kidogo. Waliokuwa wanajiona duni walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wa hali ile ile ambao hawakusema kitu. Yaani dawa ilimfaa asiyeumwa na kumdhuru mgonjwa.

Kwa watoto na hesabu, ushahidi ulio karibu zaidi na darasa lako ni wa Uholanzi, mwaka 2020. Sander Thomaes na wenzake walichukua watoto 212, wengi wao umri wa miaka 9 hadi 13, wakawapa jaribio la hesabu. Walipofika nusu, kundi moja lilijisemea kimoyomoyo "nitafanya kwa uwezo wangu wote," la pili "mimi ni hodari sana katika hili," la tatu halikujisemea. Kisha wakamaliza nusu iliyobaki. Wale waliokuwa hawajiamini katika hesabu walifanya vizuri zaidi baada ya sentensi ya juhudi. Sentensi ya uhodari haikuwasaidia.

Kwa hiyo sentensi ya mtoto ipimwe hivi: je, ni kweli leo, jinsi alivyo? Inazungumzia anachofanya, siyo alivyo? Inamwonyesha pa kuweka kalamu? Ikikosa moja, ibadilisheni.

Na hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia, sema walimu wengi tunakiacha kabatini. "Sielewi" haina mwisho. "Sijaelewa" inasema kuelewa kunasubiriwa. Tofauti ni hiyo *ja*, na mtoto wa miaka 9 anaisikia bila somo la sarufi. Vivyo hivyo "mimi ni mjinga" na "nimekosea hili": ile *ni* inamgandisha mtoto mzima, ile *me* inataja tukio moja kwenye swali moja. Msimbishie mtoto maana yake, mbadilishieni kitenzi. Akisema "siwezi kugawanya," mzazi arudishe kwa sauti ya kawaida: "Hujaweza kugawanya kwa tarakimu mbili. Kwa tarakimu moja jana umefanya nne." Halafu anyamaze, amwachie nafasi.

Lakini "sijaweza" ikiachwa peke yake nayo hugeuka wimbo ndani ya wiki moja. Lazima ifuatwe na hatua. Sentensi kamili inakuwa na vipande vitatu: kilichotokea, kisichokuwa bado, pa kuanzia. Mfano: "Nimekosea la nne. Sijaelewa kukopa. Naanza tena na mamoja." Mtoto mmoja apewe sentensi moja, na akae nayo wiki mbili. Zikiwa tano hatakumbuka hata moja mkono unapotetemeka. Na iwe kwa lugha anayowazia. Mtoto anayeota na kuhesabu kwa Kisukuma ajisemee kwa Kisukuma. Anayesoma shule ya Kiingereza lakini nyumbani ni Kiswahili, ajisemee kwa Kiswahili.

Kuhusu wakati: asubuhi kabla ya shule haina kazi kubwa. Maneno haya yanahitajika pale pale anapokwama, katika zile sekunde chache kabla kalamu haijalazwa. Yafundishwe hapo, yatumike hapo.

Kosa la mwisho, na ndilo la wapenzi wa mtoto: kumrukia kwa "Hapana! Wewe si mjinga, una akili sana!" Mtoto ataanza kukuthibitishia kuwa ni mjinga, na ushahidi anao wa kutosha, daftari zima. Badala yake: "Nimesikia unavyojiona. Nionyeshe ulipokwama, weka kidole." Kidole kikishatua mahali, tatizo limetoka kwenye nafsi yake limekuwa kwenye karatasi.

Hisabati_kwa_Vitendo amejibu:

Mnasihi amesema vyema. Mimi nionyeshe inavyofanyika juu ya swali lenyewe, maana mzazi akiambiwa "mfundishe kujisemesha" haelewi akae wapi.

Chukueni 402 toa 178. Sifuri ya katikati ndiyo inayowaangusha. Mtoto anaandika 376, kwa sababu kila safu anatoa ndogo kwenye kubwa bila kuangalia ipi iko juu: 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Anapigwa mkasi. Anaambiwa arudie. Anarudia vile vile kwa uangalifu wote, anapata 376 tena. Machoni pake amefanya kila kitu sawasawa na bado amekosa, basi kilichobaki cha kulaumiwa ni kichwa chake. "Mimi mjinga" mara nyingi inazaliwa hapo, kwenye kosa lililojirudia ambalo hakuna aliyemwonyesha liko wapi. Ndiyo maana maneno mazuri bila kutafuta kosa hayafiki mbali.

Njia ninayopendekeza ilielezwa na Donald Meichenbaum na Joseph Goodman mwaka 1971, waliyoitumia kwa watoto wa madarasa ya chini wenye papara. Ina ngazi tano.

Ngazi ya kwanza mtu mzima anashika kalamu, mtoto anatazama tu. Mtu mzima anafanya swali akijisemesha kwa sauti, taratibu, hivi:

"Naulizwa nini? Kutoa. Naanza wapi? Mamoja. 2 toa 8, haitoshi. Nikope kwa makumi. Makumi ni sifuri, hayana cha kunikopesha. Sawa, sijakwama, naenda mamia. 4 inabaki 3, makumi yanapata 10. Sasa makumi yanaweza kukopesha: yanabaki 9, mamoja yanakuwa 12. 12 toa 8 ni 5. Ngoja. 9, 10, 11, 12. Ni 4. Nimekosea, nafuta, naandika 4. Naendelea. 9 toa 7 ni 2. 3 toa 1 ni 2. Nimepata 224. Nakagua: 224 jumlisha 178 ni 402. Imekubali."

Mmeona kosa la kusudi pale kwenye 5? Hilo msiliache kamwe. Mtoto anayejidharau hajawahi kusikia mtu anayemheshimu akikosea, akisema "nimekosea," na kuendelea bila kujitukana. Mkifanya swali likanyooka mwanzo mwisho, mmemthibitishia tu kwamba wenye akili hawakosei.

Ngazi ya pili mtoto anashika kalamu, mtu mzima ndiye anasema. Ya tatu mtoto anafanya na kusema mwenyewe kwa sauti. Ya nne ananong'ona. Ya tano anasema moyoni, midomo imefungwa.

Kipimo: dakika 15 kwa kikao, maswali matatu tu, siku nne kwa wiki. Msipande ngazi mpaka amalize maswali mawili mfululizo bila kukumbushwa. Wengi hukaa zaidi kwenye ngazi ya tatu, na hapo ndipo wazazi hukosa subira, wanamrukisha mpaka kimya kwa sababu kelele zinawachosha. Mtoto akinyamaza mapema hamjui kama ndani anasema hatua au anasema "mimi mjinga." Mwacheni apige kelele.

Jambo jingine la kuangalia ni kasuku. Mtoto anaweza kuyashika maneno yako kama shairi. Mpe 486 toa 152, swali lisilohitaji kukopa kabisa. Akisema "haitoshi, nikope" huku 6 iko juu ya 2, basi anakariri. Rudini ngazi ya pili, na sasa mwambie aseme kwa maneno yake, hata kama ni "huyu mdogo hana hela, twende kwa jirani." Maneno yake mabovu yana nguvu kuliko yako mazuri.

Bi_Maandalizi_Unguja amejibu:

Assalaam alaykum. Nami niongeze upande wa wadogo, miaka 3 hadi 7, maana sauti mnayoihangaikia Darasa la Nne inaanzia huku kwetu skuli za maandalizi.

Mtazameni mtoto wa miaka 4 akipanga vibao. Anasema peke yake: "Hiki hapa... la, kitaanguka... taratibu... taratibu." Ile "taratibu" si yake. Ni ya mamaake, anayoisikia akibeba kikombe cha chai. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki 1934, aliieleza njia hii: kwanza mtoto anaongozwa na maneno ya mkubwa, kisha anajiongoza kwa maneno hayo hayo kwa sauti, mwisho yanazama ndani yakawa mawazo. Basi anayeambiwa "pumbavu, angalia unavyomwaga!" naye ataizamisha hiyo.

La kwanza la kufanya ni kutowanyamazisha. Kwetu mtu anayesema peke yake huonekana ana wazimu, na watoto hukatazwa mapema: "Unasema na nani?" Mwacheni. Kazi ikiwa ngumu zaidi, mtoto mdogo husema zaidi, na hiyo ni alama kwamba anajisaidia.

La pili ni jina. Mtoto mdogo hujiongoza vyema akijiita kwa jina lake kama vile anamwelekeza mwingine. Mwaka 2017 Rachel White na wenzake huko Marekani waliwapa watoto 180 wa miaka 4 na 6 kazi ya kuchosha ya dakika 10, na pembeni kuna mchezo wa kwenye tableti wa kuwashawishi. Waliojiuliza "mimi nafanya bidii?" walivumilia kidogo. Waliojiuliza kwa jina lao walivumilia zaidi. Waliovalishwa kama shujaa wanayempenda, mfano Batman, wakajiuliza kwa jina la shujaa huyo, ndio waliokaa kazini muda mrefu kuliko wote. Msikimbilie dukani kutafuta mavazi. Kofia ya baba inatosha, au kanga mabegani. "Nahodha Salum anafanya nini sasa?" "Nahodha anafunga kifungo cha pili." Ukimuuliza "Salum, mbona hujamaliza?" umemvua unahodha na mchezo umekwisha.

La tatu ni la kuwapunguzia hofu wazazi. Mtoto wa chini ya miaka 7 kwa kawaida hujiona anaweza karibu kila kitu, hata asichokijaribu. Kujilinganisha na wenzake kwa uzito kunakuja baadaye, kuanzia miaka 7 au 8. Kwa hiyo wa miaka 4 akisema "mimi mjinga," aghalabu amelichukua kwa mtu. Mtafuteni huyo mtu kwanza: dada wa kazi, kaka, mwalimu, pengine nyinyi wenyewe. Mtoto atafuata.

Mwl_Tabata:

Ahsanteni sana. Bi_Maandalizi, hiyo ya "taratibu" nitaisoma kikaoni. Bado swali la mabibi halijajibiwa. Na kuna wazazi wanasema wao hawatukani kabisa, wanasifia tu kila siku, na mtoto bado anajiona duni. Inakuwaje?

Mama_Malezi_Kilifi amejibu:

Mwalimu, mabibi wana nusu ya haki, na nusu hiyo ni muhimu kuliko wanavyodhani.

Kujithamini na kujiona ni vitu viwili. Anayejithamini anasema "mimi nafaa, hata nikikosa." Anayejiona anasema "mimi ni bora kuliko hawa." Eddie Brummelman na wenzake waliwafuatilia watoto 565 wa Uholanzi pamoja na wazazi wao, wakiwauliza maswali kila baada ya miezi 6, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Watoto ambao wazazi wao waliwaona ni wa kipekee kuliko watoto wengine walielekea kwenye kujiona. Watoto waliosema wazazi wao wanawaonyesha upendo walielekea kwenye kujithamini. Sasa ichukueni ile sentensi ya kioo, "mimi ni namba moja." Hiyo ni ya kundi la kwanza. Hapo bibi yuko sawa. Lakini "nimekosea, naanza tena na mamoja" haina kiburi ndani yake hata chembe.

Kuhusu wazazi wanaosifia kila siku, kuna mitego miwili. Mmoja ni kusifia akili. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto wa Darasa la Tano waliosifiwa "una akili" baada ya kufaulu walichagua kazi rahisi baadaye, na walipokutana na maswali magumu wakashuka. Waliosifiwa bidii walichagua magumu. Sababu inaeleweka: kama kupata kunamaanisha nina akili, kukosa kunamaanisha sina, basi afadhali nisijaribu. Kalamu inayolazwa kabla ya swali kusomwa ni mtoto anayeilinda ile sifa.

Mtego wa pili ni kutia chumvi. Huyo huyo Brummelman, mwaka 2014, aliona kwamba watoto wanaojidharau wakiambiwa mchoro wao ni mzuri ajabu, badala ya mzuri tu, huchagua michoro rahisi baadaye. Na ubaya ni kwamba watu wazima huwatilia chumvi hasa wale wanaojidharau, kwa huruma. Mtoto anasikia kiwango kimepandishwa hadi mbinguni, anaona hatakifikia tena.

Basi sifa iwe fupi, iwe ya kweli, na itaje alichofanya: "Umeangalia mamoja kabla ya kuandika." "Umefuta ukarudia bila kukasirika." Hapo umempa maneno ambayo kesho atajisemea mwenyewe, kwa sababu ni yake, yametoka kwenye mkono wake. "Hongera, wewe ni jiniasi" hawezi kujisemea akikwama. Atajisemea nini, kwamba jiniasi amekwama?

Na hili la mwisho, dadangu au kakangu mwalimu, ni la upande wenu. Mtoto akifundishwa sentensi nzuri nyumbani, kisha shuleni majina yakasomwa mbele ya wote kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, anayesikia jina lake likiwa la 52 hajisemei tena anachofundishwa na mamake. Kama ni lazima nafasi zitolewe, apewe kila mtoto karatasi yake mkononi. Kando ya nafasi muandikie jambo moja alilofanya mwezi huu ambalo mwezi uliopita hakulifanya.

Kocha_U12 amejibu:

Kwa ufupi tu kutoka uwanjani. Kwenye michezo tunatenganisha maneno ya maelekezo na maneno ya kutia nguvu. Kazi ya ustadi, kama kupiga penalti, inataka maelekezo, mawili basi: "mguu, mpira." Kazi ya nguvu na pumzi, kama mbio, inastahimili "twende, twende." Hesabu na kuandika ni kazi za ustadi. Ndiyo maana "naweza, naweza" ya pamoja asubuhi inachangamsha mstarini lakini haimsaidii mtu kwenye kukopa. Wimbo wa shule uendelee, ni wa umoja. Usihesabiwe kama tiba.

Mnasihi_Moro amejibu:

Kocha amenena. Niongeze mpaka wa haya yote, kwa sababu wazazi wengine wataning'iniza matumaini yao yote kwenye sentensi.

Kabla ya wiki ya kwanza, angalieni vitu ambavyo maneno hayavigusi. Macho: je, anakunja uso akitazama ubaoni, anasogeza daftari puani, ananakili tarakimu kimakosa? Masikio: anajibu kitu ambacho hakikuulizwa, hasa akikaa nyuma? Kusoma: anaweza kufanya 402 toa 178 zikiandikwa kwa tarakimu, lakini swali likija kwa maneno anaganda? Huyo tatizo lake ni kusoma, siyo hesabu. Njaa: anaanguka zaidi vipindi vya baada ya saa 4 asubuhi? Na kuonewa: kuna mwenzake anayemwita kilaza kila siku? Mtoto anayeonewa akifundishwa kujisemesha vizuri bila mwonevu kukomeshwa, tumemwambia kwamba kazi ya kuvumilia ni yake. Fimbo kwa kukosa jibu nayo iingie hapa hapa. Mtoto anayengojea kuchapwa hana nafasi kichwani ya kusema hatua, anasikiliza nyayo.

Vikishaangaliwa, fanyeni kwa wiki sita. Msipime furaha, haipimiki. Pimeni vitu viwili mnavyoweza kuhesabu: anakaa na swali gumu dakika ngapi kabla ya kulaza kalamu, na amefuta akarudia mara ngapi bila kuambiwa. Andikeni kila Ijumaa nyuma ya daftari. Alama za mtihani huchelewa kufuata, msianze nazo. Sauti mbaya nayo haitatoweka, hata mtu mzima anayo. Tunachotafuta ni mtoto aisikie kisha aifuatishe na hatua. Ikirudi kwa nguvu wiki ya tatu, aghalabu ni kwa sababu mada imebadilika, kwa mfano mmehamia hesabu za sehemu, kama nusu na robo. Rudini ngazi ya kwanza kwa mada mpya, siku mbili tatu zinatosha.

Kuna maneno ambayo hayabadilishwi kitenzi. Mtoto akisema "heri nife," "bora nisingezaliwa," au "nyumbani wangefurahi nisipokuwepo," acheni zoezi. Muulizeni waziwazi, kwa utulivu, kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya au kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Tanzania na Kenya zote zina namba ya kuwasaidia watoto, 116, na kuipiga ni bure. Na ambaye kwa wiki mbili na zaidi halali vizuri, hali chakula, hachezi hata michezo aliyoipenda, huyo naye ni wa kupelekwa hata kama hajasema neno.

Mwl_Tabata:

Nimeandika yote. Moja la mwisho: Upimaji wa Darasa la Nne unafanyika kimya, na msimamizi akiona midomo inacheza atadhani mtoto anaongea na mwenzake. Mtoto aliyefika ngazi ya nne tu, ya kunong'ona, afanyeje?

Hisabati_kwa_Vitendo:

Mpe kidole. Kuanzia mwezi mmoja kabla, wakati ananong'ona "mamoja" aguse safu ya mamoja kwa ncha ya kidole cha mkono usioandika, "makumi" aguse makumi, "nakagua" agonge meza mara moja taratibu. Baada ya wiki mbili mwambie afumbe midomo, abaki na kidole. Kidole kinashika nafasi ya sauti, na hakuna msimamizi atakayekikataza. Akikwama kabisa kwenye chumba cha mtihani, aweke kidole kwenye tarakimu ya kwanza ya mamoja, avute pumzi moja, aanze "naulizwa nini." Lifanyieni zoezi hilo la kukwama makusudi angalau mara tatu, kwa swali gumu kuliko kiwango chake, kimya, saa ikiwa mezani. Msilisahihishe swali hilo. Angalieni kama kidole kimerudi kwenye mamoja.